Harufu ya Mama Mkwe

Mapenzi humwingia kila mtu kwa njia yake. Huyu mwenzetu yalimwingia kwa chupa.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, ndani ya jengo kubwa la maduka, saa ile ambayo nusu ya mji imekuja kununua na nusu iliyobaki imekuja kuwatazama wanaonunua. Binti Panya alikuwa akikatiza umati kwa haraka, amevaa gauni la buluu lisilo na urembo na viatu vya kutembelea, nywele kazibana nyuma, hana hereni wala wanja. Alikuwa ameingia kununua betri ya saa tu. Alipofika mbele ya duka la manukato, kijana mwenye shati jeupe lililonyooka kwa pasi akanyoosha mkono, akampulizia shingoni kabla hajajua kinachomjia.

"Karibu, dada," kijana akasema kwa sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. "Waridi kwa mbele, udi kwa nyuma. Subiri kidogo, udi unakuja."

Dada akafumba macho. Kijana akaona mambo yamekwisha, huyu ananunua chupa kubwa.

"Kaka," dada akasema, macho bado kayafumba, "unajua umefanya nini?"

"Nimekupendezesha."

"Umeninyima kazi. Nina wajawazito kadhaa wananingoja, na kwa harufu hii siruhusiwi kuwakaribia."

"Kumbe wewe mkunga?"

"Mtafiti wa panya."

Kijana alicheka peke yake. Ikabidi aelezwe palepale, watu wakipita na mifuko yao. Kwamba kule kazini wanafuga panya weupe na panya weusi kwa ajili ya kuchunguza ngozi. Kwamba panya mwenye mimba akinusa harufu ngeni hushtuka, na akishtuka akizaa anaweza kuwatelekeza watoto wake au hata kuwala.

"Kuwala," kijana akarudia.

"Kwa sababu ya udi wako kwa nyuma."

"Basi njoo nikusafishe. Sabuni haitaitoa, hiyo ndiyo sifa yake. Lakini nina spiriti na pamba."

Alimsafisha shingo kwa adabu zote, akitazama ukutani badala ya kumtazama usoni, akiomba radhi kila pamba inapobadilishwa. Dada wa watu akakimbia kazini. Mlangoni alikuwepo mzee anayetunza panya, ambaye wote walimwita Pua, kwa sababu hakuna aliyeingia kwenye vyumba vile kabla pua ile haijampitisha. Pua aliinamisha kichwa, akavuta pumzi.

"Waridi," akasema. Akavuta tena. "Na udi kwa nyuma. Rudi nyumbani mwanangu, tutaonana Jumatatu."

Sasa mtu aliyefukuzwa kazini Jumamosi asubuhi, hana la kufanya na hasira zimemjaa, atakwenda wapi? Alirudi dukani kumgombeza yule kijana vizuri zaidi. Akamgombeza mpaka wakapata njaa, wakaenda kula pamoja. Jina la kijana pale mtaani lilikuwa Marashi. Jina la Binti Panya alipewa na majirani zake, naye alikwisha kuacha kulikasirikia.

Wahenga walisema penzi ni kikohozi, haliwezi kufichika. La hawa wawili lilijulikana kwa simu. Kila mchana Binti Panya akitoka kwenye vyumba vyake, amevua joho na kofia, simu inalia.

"Daktari wangu, umeamkaje?"

"Saa saba mchana unaniuliza nimeamkaje?"

"Mimi siku yangu inaanza nikisikia sauti yako. Kabla ya hapo najikokota tu. Panya hawajambo?"

"Hawajambo, wanakusalimia."

"Waambie shemeji yao anakuja jioni, na ameoga kwa maji matupu."

Hilo la maji matupu hakulisema kwa utani. Marashi alikuwa mtu anayejulikana kwa harufu. Watu walimnusa kabla hawajamwona, na kwake hiyo ilikuwa biashara na heshima. Lakini siku za kuonana na Binti Panya alijisugua kwa sabuni isiyo na harufu, akavaa shati lililoanikwa juani siku nzima, akaja hanukii kitu chochote. Wenzake madukani walimuuliza kama anaumwa. Binti Panya alipolijua hilo alimwambia, "Umenipata." Maneno mengine ya mapenzi hayakumjia.

Jioni moja wameketi kwenye ngazi za maktaba, Marashi akataka kujua hasa panya wale wanatazamwa nini.

"Kuna jeni moja," Binti Panya akasema. "Panya akiirithi kwa baba na kwa mama, ngozi yake inakuwa kavu, inatoka magamba. Lakini hapo ndipo ninapokosa usingizi. Kwenye ukoo mweupe, jeni hiyo inamuumbua mtoto. Anazaliwa ngozi imemkaza, inababuka, wengine hawaishi. Nimeichukua jeni hiyohiyo, nikaipitisha kizazi baada ya kizazi mpaka imekaa ndani ya ukoo mweusi. Unajua nini kimetokea?"

"Wamekuwa wa kijivu."

"Acha utani, mpenzi. Mkia umekuwa mkavu kidogo. Basi. Jeni ileile, haikupungua wala kuongezeka. Kilichobadilika ni jeni nyingine zinazoizunguka, yaani ukoo wenyewe."

"Kwa hiyo wale weupe ndio wabaya."

"Si wabaya. Ila kwa malezi, hapo nakubaliana nawe. Mama zao wengi wanawakimbia watoto wagonjwa. Ndiyo maana tunawapa mlezi. Tunaye mama mmoja mweusi, mnene, tunamwita Mama Mdogo. Tunamtoa kidogo tunduni, tunavichukua vile vitoto vya watu, tunavisugua kwa maranda ya mbao aliyolalia yeye, tunavichanganya na vyake. Akirudi ananusa, anasikia harufu ya nyumbani, analala anavinyonyesha vyote."

Marashi akatikisa kichwa. "Kumbe na panya wanadanganyika kwa manukato."

Laiti habari ya maranda ingekomea hapo.

Wiki iliyofuata Marashi alisema ni wakati wa kwenda kumwona mama. Alikuwa mtoto wa pekee, baba yake marehemu, na duka lile lilikuwa la baba. Alimwambia mpenzi wake waziwazi: "Nakupenda, lakini bila radhi ya mama sioi. Amebaki na mimi tu." Binti Panya akalikubali, maana naye alilelewa hivyo. Ila aliogopa. Alikwisha kusikia kuwa mama mtu aliwahi kumkataa msichana mmoja kwa sababu ya kicheko, na mwingine kwa sababu alimwamkia akiwa ameketi.

Mtu mwingine angeuliza mama anapenda zawadi gani. Huyu alikuwa mtafiti, na mtafiti akiogopa hurudi kwenye analolijua.

"Mama yako ananukia nini?" akamuuliza kwenye simu.

"Swali gani hilo?"

"Jibu tu, mpenzi."

"Ananukia mafuta yake. Marehemu baba alimtengenezea kwa mkono wake, na mimi ndiye namtengenezea sasa. Hayauzwi. Hakuna mtu mwingine duniani anayenukia hivyo."

"Niletee kidogo."

Marashi akadhani ni mahaba. Akaona, tazama, mwanamke huyu asiyepaka kitu mwilini anataka kunukia kama nyumbani kwetu. Akachota matone kwenye kichupa, akampelekea na busu. Sijui nimlaumu nani, maana wote wawili walikuwa na akili timamu.

Jumapili ikafika. Binti Panya alivaa gauni la zambarau lenye mikono mipana, mtandio wa rangi ya maziwa, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi alijipaka kitu chenye harufu: shingoni, viganjani, nyuma ya masikio. Sebule ya mama mtu ilikuwa safi kupita kiasi. Viti vilivikwa vitambaa vya kushona kwa mkono, picha ya marehemu ilining'inia juu ya kabati la vyombo, na saa ya ukutani iligonga kwa sauti ya kukaripia. Mama mwenyewe alikuwa mrefu, mwembamba, amevaa gauni la mikono mirefu iliyofungwa vifungo mpaka viganjani, ingawa siku ilikuwa ya joto.

"Shikamoo, mama," Binti Panya akasema, amesimama, hacheki.

"Marahaba, mwanangu. Njoo nikukumbatie."

Akamkumbatia. Marashi akatabasamu. Kisha akaona mgongo wa mama yake umekakamaa.

Mama mtu akajitoa taratibu. "Mafuta haya umeyapata wapi?"

Binti Panya, ambaye hakuzoea kusema uongo, akafungua kinywa. "Nimepaka ili unipokee, mama."

"Ili nikupokee." Mama akavuta mikono ya gauni, ingawa ilikwisha kufika mwisho. "Kwa hiyo amekwambia."

"Ameniambia nini?"

"Habari ya ngozi yangu. Mwanangu, unajua mafuta haya ni dawa? Baba yake alinitengenezea kwa sababu ngozi yangu tangu utotoni inababuka. Hakuna anayeijua siri hiyo nje ya nyumba hii. Na kazi yako wewe, nimeambiwa, ni kutazama ngozi zinazobabuka."

Wallahi Binti Panya hakuwa anajua lolote. Angeapa, na angeaminiwa pengine. Lakini macho ya mtu yana mazoea yake. Miaka yote hii akisikia neno ngozi, macho yake huenda kwenye ngozi. Yakaenda. Yakashuka mpaka kwenye kiganja cha mama mtu, yakaona mistari ya kiganja iliyoingia ndani sana na weupe mkavu pembeni mwa kifundo cha mkono, yakakaa hapo kwa nukta moja tu.

"Umeona?" mama akamwambia mwanawe, sauti haikupanda hata kidogo. "Ananitazama." Akaingia chumbani, akafunga mlango.

Ugomvi waliufanya kwa simu jioni ile, maana njiani walishindwa kutazamana.

"Nilidhani ni mahaba," Marashi akasema. "Kumbe unamfanyia mama yangu mambo ya tunduni. Umejisugua maranda."

"Niliogopa kukataliwa. Na wewe mbona hukuniambia kama mama ana ngozi hiyo? Ningekuwa najua, ningegusa mafuta hayo?"

"Siri ya mama si yangu kuitoa."

"Ila mafuta yake ni yako kuyatoa."

Marashi alishindwa hoja, na mwanamume akishindwa ndipo hukasirika hasa. "Mama yangu si panya," akasema.

"Najua mama yako si panya."

"Basi tupumzike kwanza. Usinipigie."

Hakupiga. Alilia kama mtu mzima anavyolia, akiwa anafanya kazi. Alivipima vitoto vya ukoo mweupe, akaviweka kwa Mama Mdogo, akamtazama yule panya mnene akiviramba vile vitoto vyenye magamba kimoja kimoja bila kinyaa, na machozi yakashuka ndani ya barakoa. Pua alimwona.

"Machozi yana chumvi," Pua akamwambia. "Usiwadondoshee watoto. Toka nje, umpigie huyo unayemlilia."

"Amenikataza kumpigia."

"Basi mpigie mwingine anayehusika."

Mwingine anayehusika. Binti Panya alisimama chini ya ngazi za dharura, akabonyeza namba ya mama mtu. Simu ikapokelewa. Akaamua kusema yote, kama mtu anayejitosa majini bila kupima kina.

"Mama, shikamoo. Ni mimi. Sikujua habari ya ngozi yako, naapa. Nilijipaka mafuta yako kwa sababu ya panya." Hapo akayasikia maneno yake mwenyewe, akataka ardhi immeze, lakini alikwisha kuanza. Akaeleza vitoto visivyotakiwa na mama zao. Akaeleza Mama Mdogo. Akaeleza maranda. "Mimi naijua njia hiyo moja tu ya kumfanya mama apokee mtoto asiye wake. Ndiyo niliyoitumia. Kukutazama nilikutazama kweli, na kwa hilo sina la kujitetea. Nisamehe. Na mwanao usimkasirikie, alidhani ni mahaba."

"Umemaliza?" mama mtu akauliza.

"Nimemaliza, mama."

Simu ikakatwa.

Akajua yameisha. Maji yakimwagika hayazoleki, akajiambia, na akaanza kujizoeza kuishi bila ile simu ya saa saba. Kwa hiyo alipoitwa kwamba ana mgeni, alidhani ni fundi wa mabomba.

Mlangoni alisimama mama mtu. Nyuma kabisa, ng'ambo ya geti, Marashi ameshika nondo zake kwa mikono miwili, shati jeupe, mkoba wa mama yake begani. Pua alikuwa amekwisha kumfukuza mara mbili. Leo kijana alitoka dukani moja kwa moja, na hata upepo ulimsaliti.

Pua alimwinamia mama mtu, akavuta pumzi. Akavuta tena, akashangaa. "Huyu hana harufu yoyote. Apite."

"Nimekuja kumwona huyo Mama Mdogo," mama mtu akasema, kavaa mikono mirefu na uso usiofunguka. "Kama yupo kweli. Kama hukunitungia hadithi."

Binti Panya alimvisha joho jeupe na vifuniko vya viatu. Alipomfunga kamba za joho ndipo alipoelewa. Mwanamke huyu hakuwa na harufu kwa sababu hakupaka mafuta yake. Shingo ilikuwa imepauka, imepasuka, na kila akigeuza kichwa alikuwa anaumia. Safari hii Binti Panya aliyazuia macho yake, akayaelekeza sakafuni.

"Tazama tu," mama mtu akamwambia. "Leo nimekuja uone."

Wakasimama mbele ya kioo. Upande wa pili Mama Mdogo alikuwa amelala ubavu, mweusi, mnene, hana habari na mtu. Vitoto vyake vyeusi na vile vya ukoo mweupe vilinyonya vyote kwa pamoja. Kimoja kilikuwa na magamba mgongoni kama chokaa inayobanduka. Mama Mdogo akageuka, akakiramba.

Mama mtu akasogea mpaka pumzi yake ikaweka ukungu kwenye kioo.

"Huyo ni mimi," akasema.

Binti Panya akaufuta ukungu kwa mkono wa joho.

"Kuna dawa?"

"Bado, mama. Ila kwenye ukoo ule mwingine, mwenye jeni hiyohiyo anapata mkia mkavu tu. Natafuta ukoo ule una nini cha kumkinga. Jeni ni kama mgeni. Anaweza kuivuruga nyumba hii, akaenda nyumba ya pili akakaa kwa amani."

Mama mtu akatikisa kichwa taratibu. "Siku nilipoolewa, mama mkwe wangu alitandika kitambaa kwenye kiti kabla sijakaa. Akakitoa nilipoinuka, akakifua. Akasema mtoto wa nyoka ni nyoka, nitawajazia magamba ukoo mzima. Nikamzaa huyu mmoja." Akaonyesha kwa kidevu upande wa geti. "Ngozi yake umeiona."

"Laini, mama," Binti Panya akasema, kisha akaona haya kwa alivyojibu haraka.

Mama mtu akamtupia jicho, na pembe ya mdomo ikacheza. "Mimi sikupata mtu wa kunisugua maranda. Nilipata mume akanitengenezea mafuta. Na wewe ulipokuja umejisugua mwenyewe, nikakufungia mlango. Nimekuwa mama mkwe wangu, mtoto. Nimelala siku kadhaa nikiliwaza hilo."

Simu ya Binti Panya ikaanza kutetemeka mfukoni. Marashi.

"Mnasema nini huko? Naona migongo tu kwenye dirisha la korido. Mama amekasirika? Daktari wangu, nisamehe, nilikukosea. Kosa la mafuta lilikuwa langu, nikakubebesha wewe peke yako. Niambie hata kama ni..."

Mama mtu akaichukua simu. "Nyamaza, ukae hapo hapo." Akairudisha.

Walipotoka nje, Marashi alikuwa bado ameshika nondo. Mama mtu akadai mkoba wake, akatoa chupa ndogo isiyo na jina, akajimiminia kiganjani, akajipaka shingoni kwanza, akafumba macho kwa nafuu aliyoipata. Kisha akamgeukia Binti Panya.

"Lete mikono."

"Mama, bado nina kazi ndani. Nikipakwa hayo Pua hataniruhusu kurudi."

"Kwani panya wataozwa leo?"

"Kuna mtu ataozwa?" Marashi akauliza nyuma ya geti. "Mbona mimi sijauliza bado? Nilikuwa nimejitayarishia maneno."

"Uliza basi, nani kakuziba?" mama yake akamwambia.

"Daktari wangu," Marashi akaanza, na maneno yote aliyoyatayarisha yakamtoroka. "Utaniozesha? Yaani... utaolewa na mimi?"

"Nitaolewa," Binti Panya akasema. "Ila ukija kunichukua kazini usimame mbali na geti."

Akaipeleka mikono yake. Mama mtu akampaka mafuta polepole, viganjani, juu ya vifundo, shingoni, nyuma ya masikio, palepale alipojipaka mwenyewe Jumapili ile. Marashi akatazama, akalia bila kuona haya, na nondo za geti zikalowa.

Binti Panya akajaribu bahati yake mlangoni. Pua akainama, akavuta pumzi. Akakunja uso, akavuta tena, mara ya tatu, mzee aliyezijua harufu zote za mji.

"Hii siijui," akakiri.

"Huwezi kuijua," mama mtu akamwambia kutoka nje. "Ni ya nyumbani kwetu."